Hewa Kidogo Tu

Hukukohoa. Hukunionya.
Kona ya saba kutoka daraja la Vale Torto,
alfajiri, saa kumi na moja na robo,
mikate mia mbili na kumi na miwili nyuma yangu
bado inafuka mvuke ndani ya magunia,
nawe ukanyamaza
kama mtu aliyekumbuka jambo katikati ya sentensi.

Usukani ukawa jiwe.
Breki nikaikanyaga kwa miguu yote miwili:
mara ya kwanza ilishika,
mara ya pili ilishika shingo upande,
ya tatu sikuthubutu.
Zikawaka taa nyekundu ambazo sikujua unazo.
Nikakulaza pembeni, tairi moja mtaroni,
pua ikichungulia bonde
ambako hakuna aliyeamka
isipokuwa jogoo wa Ermelinda, na yeye ni mwendawazimu.

Kilomita laki sita na elfu arobaini.
Nilikununua kwa padri aliyehamishiwa pwani,
bei ya ng'ombe mmoja na nusu,
akaapa kwamba dizeli ya zamani haifi.
Una miaka thelathini na minne, mimi hamsini na tisa;
sote wawili huwaka kwa taabu siku za baridi,
lakini mimi huwa natoa taarifa.

Nikazungusha ufunguo. Betri nzima, starta nzima,
ukazunguka, ukazunguka,
kama anayetafuna asimeze.
Nikashuka, nikafungua boneti, nikatukana:
kwanza wewe, kisha padri,
kisha dizeli ya bei poa ya ng'ambo ya mpaka,
kisha marehemu Adelino wangu
ambaye hakuwahi hata kukuosha
ila asubuhi ile hakuwepo kunishikia tochi.

Mvumilivu hula mbivu, sawa.
Mkate hauivi mara mbili. Mkate unapoa tu.

Saa kumi na mbili honi yangu haikusikika kijijini,
na ukimya huo ndio uliowatoa watu vitandani.
Wakaja wakishuka barabara na makoti juu ya nguo za kulalia.
Ermelinda na toroli, akapakia arobaini ya mtaa wa juu
akiniuliza kama nina chumvi ya kutosha mwilini.
Yule kijana wa posta akabeba gunia begani.
Wakaniachia harufu ya unga
na mzee Abílio Cardoso,
aliyekuja na spana namba kumi na saba
ndani ya mfuko wa joho la kuogea.

Hakusalimu. Alikuinamia kama anasikiliza kifua.
Akalegeza boliti juu ya chujio,
akaminya pampu ya mkono, akaminya,
likatoka povu.
"Hewa," akasema.
Hewa gani?
"Hii hii unayoipumua wewe."

Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kama ukingo wa ukucha,
kwenye kipande cha mpira kisichofika shubiri.
Miaka yote nikikuogopea pistoni, gasketi, mnyororo,
mambo makubwa yenye majina makubwa,
kumbe unakufa kwa pumzi moja iliyopotea njia.

Akapanda nyumbani, akarudi na mpira
alioukata kwenye mashine ya kukamulia mbuzi.
Akauvika, akaukaza kwa waya,
akaminya mpaka povu likaisha
ikaja dizeli tupu, ikamtiririka vidoleni bila haraka.
"Jaribu."
Ukapiga chafya. Ukatoa moshi mweupe
uliofunika kona nzima, mzee na joho lake,
halafu ndani ya moshi ikaja ile ngurumo yako mbaya,
ya sufuria iliyojaa misumari.

Nilimpa mikate miwili. Akachukua mmoja.
"Mpira nirudishie Jumapili," akasema,
"mbuzi hawajui likizo."

Jumapili ya tatu sasa imepita.
Mpira bado uko kwako, haujavuja hata tone.
Abílio, nasikia, anakamua kwa mikono.
Nikifika mlangoni pake sipigi honi.
Naning'iniza mikate miwili kwenye kitasa
na kukuachia uteremke gia huru,
kimyakimya, mpaka kwenye kisima.